Shemeji na Kontakta ya Uwanjani

Shemeji yangu, mume wa dada, hajui kusema hapana. Si kwamba hataki. Hajui, kama wengine wasivyojua kuogelea. Ukimwomba ngazi atakupa ngazi na kamba ya kuifungia, kisha atakwenda kupaka rangi dari la nyumba yake akiwa amesimama juu ya meza. Siku alipokuja kuposa, baba alimuuliza kwa utani kama anaweza kutengeneza redio yetu iliyokufa siku nyingi. Akasema anaweza. Redio ile iko chini ya kitanda chao mpaka leo, na ukimuuliza anakwambia imebaki kidogo tu.

Kazi yake ni fundi umeme, na mtaani kwetu yeye ndiye mwenye taa za uwanja. Uwanja wenyewe ni wa udongo mgumu, umezungukwa na ukuta wa matofali, na una milingoti minne. Juu ya milingoti kuna taa kubwa za kizamani, zile ambazo ukiziwasha zinaanza na rangi ya chai ya maziwa, zinajivutavuta, ndipo zinakuwa nyeupe. Ukizizima hazikubali kuwaka tena mpaka zipoe. Kwa miaka mingi taa hizo ziliwashwa na kuzimwa kwa swichi moja kubwa yenye mpini, iliyokuwa kwenye kibanda cha mabati karibu na lango. Aliyeshika mpini ni shemeji, na mkono wake huo nusura uvunje nyumba ya dada yangu.

Tatizo ni wastaafu. Jioni uwanja ni wao. Wanacheza mpira kwa sheria waliyokuja nayo kutoka utotoni, enzi walipokuwa na magoti: mchezo hauishi kwa saa, unaisha kwa bao la mwisho. Giza likianza kuingia mtu anapiga kelele, "Bao la mwisho!" na kuanzia hapo mabao yote ya nyuma yanafutwa, atakayefunga ndiye mshindi, kila mtu kwake. Kwa watoto sheria hiyo ni nzuri kwa sababu watoto wanafunga. Wazee hawa hawafungi. Mshambuliaji anapiga shuti, na mpira unasimama njiani kwa uchovu wake wenyewe. Nimemwona mmoja akikalia mpira ili afunge kamba za viatu, na wapinzani wakimsubiri kwa heshima.

Shemeji anasimama kibandani mkono ukiwa kwenye mpini. "Fundi, usizime, bao linakuja!" wanamlilia. Naye anawajibu, "Haya, dakika moja tu." Bao haliji. Wanalia tena, anawaongeza tena. Kwa hiyo wakampa jina, wakamwita Dakika, na yeye alilifurahia, maskini, akidhani ni sifa.

Wakati huo dada yuko nyumbani. Watoto wao wameoa na kuolewa, nyumba imebaki na watu wawili, na mmoja kati ya hao wawili yuko uwanjani. Anapakua, anafunika, anakaa. Anafunua, anaangalia, anafunika tena. Dada yangu si mtu wa kulalamika, ni mtu wa kutoa amri, na jioni moja alikwenda mpaka kibandani akasimama mbele ya mumewe.

"Baba watoto, nisikilize vizuri. Ukiendelea kuzizima taa hizi kwa mkono wako, mimi narudi kwa mama."

"Sawa, mke wangu."

"Sawa nini? Nirudi?"

"Hapana... yaani, sawa, nitafanya mpango."

Mimi nilimuunga mkono dada, tena kwa nguvu zote. Nilimwambia chumba chetu cha usichana bado kipo, kina panya mmoja tu na ni mpole. Nilikuwa nimechoka kumwona akizungumza na sahani.

Mpango wa shemeji ulikuwa huu: kwa kuwa yeye hawezi kusema hapana, atafute kifaa kitakachoisema badala yake. Akaamua kufunga taima, ile saa ndogo ya duara yenye pini pembeni. Unazibonyeza pini za saa unazotaka taa ziwake, unaziacha zile za saa unazotaka zizimike. Habari zikawafikia wastaafu. Kiongozi wao ni mzee tunayemwita Hakimu, ingawa mahakamani alikuwa mtu wa kuita majina mlangoni. Hakimu akaja na taima yake mwenyewe, iliyokuwa ikiwasha pampu ya maji nyumbani kwake, imefungwa kwenye leso safi.

"Mwanangu, tumia hii. Nakuomba. Nitajisikia na mimi nina mchango."

Shemeji alijua. Nasema alijua kabisa, maana huo ndio ufundi wake, na baadaye alikiri mwenyewe: taa zile zote kwa pamoja zinavuta umeme zaidi ya mara kumi ya ule wa pampu ya mzee yule, na huwezi kuupitisha wote ndani ya kisaa cha kukaa kiganjani. Lakini mzee alikuwa ameomba, na leso ilikuwa safi. Akaifunga.

Jioni ile taa ziliwaka vizuri sana. Saa mbili ilipofika tukasikia kitu ndani ya taima kikisema tik, na taa zikaendelea kuwaka. Shemeji akaizungusha kwa mkono, ikasema tik nyingine, na taa zikamwangalia tu. Umeme ule mkubwa ulikuwa umevichoma vile vidomo vya ndani vinavyogusana na kuachana, vikayeyuka vikaungana vikawa kitu kimoja. Wastaafu walishangilia kana kwamba wamefunga. Ilibidi shemeji aende kung'oa fyuzi kubwa za uwanja mzima.

"Kwa hiyo na yenyewe haijui kukataa," dada alisema. "Umejitafutia pacha."

Kesho yake dada alikwenda naye dukani, na mimi nikafuata, kwa sababu vitu kama hivi siviachi vinipite. Duka la vifaa vya umeme ni la mama mmoja anayevaa miwani kwenye paji la uso na kuitafuta kila mahali. Wanamwita Mama Fyuzi. Aliifungua ile taima, akanusa, akamtazama shemeji kama mtu anayemtazama daktari aliyekunywa dawa ya mgonjwa.

"Fundi, wewe? Wewe wa kufanya hivi?"

"Niliombwa," shemeji akasema.

Mama Fyuzi akamgeukia dada. Akatoa kwenye rafu kidude cheusi kizito, kikubwa kama tofali nusu, kina skrubu juu na skrubu chini. "Mama, hii ni kontakta. Taima ni ya kuamuru tu, isipitishiwe umeme wa taa hata kidogo. Taima inapeleka umeme mdogo kwenye koili, humu ndani. Koili ikipata umeme inakuwa sumaku, inavuta, vyuma hivi vinakutana, na umeme mkubwa wa taa unapita hapa kwenye vyuma, kwa waya zake nene. Taima ikikata, sumaku inakufa, springi inavirudisha vyuma nyuma. Tak! Giza."

Dada akaichukua, akaipima uzito mkononi. "Kwa hiyo mdogo anatoa amri, mkubwa anabeba."

"Ndiyo hivyo."

"Na huyu mkubwa anabembelezeka?"

"Na nani? Hana masikio."

"Nipe."

Mama Fyuzi, mtu wa biashara, akaongeza swichi nyingine juu ya kaunta. "Mafundi wengi wanaweka na hii. Ukiigeuza huku inafuata taima, ukiigeuza huku unawasha kwa mkono. Ni kwa ajili ya matengenezo."

Shemeji akafungua mdomo.

"Hataki," dada akasema.

Nikubali jambo moja, maana sipendi kumwonea mtu: kazi aliyoifanya ilikuwa safi. Alizima umeme mzima kwanza, akapima kwa kipimo kuhakikisha waya zimekufa, ndipo akashika bisibisi. Akafunga sanduku jipya la chuma, na ndani yake taima mpya. Kontakta aliichagua yenye nguvu kuliko taa zinavyohitaji, kwa sababu taa zile zinapoanza kuwaka zina tamaa ya umeme. Koili akaiwekea fyuzi yake ndogo peke yake. Ile swichi ya mpini akaing'oa ukutani, na alipoing'oa alikaa nayo mapajani muda mrefu, akiifuta vumbi. Kisha akalifunga sanduku kwa kufuli, na ufunguo akampa dada. Dada akautia kwenye kamba akauvaa shingoni. Nikasema moyoni, haya yamekwisha.

Sikuwajua wastaafu.

Jioni ya kwanza ya kontakta, bao la mwisho lilikuwa limekwisha kutangazwa na mambo yalikuwa kama kawaida, yaani hakuna jambo. Mara mshambuliaji wao mmoja, mwalimu wa hesabu zamani zake, akajikuta peke yake na kipa. Akajivuta. Akapiga. Kwa mara ya kwanza katika historia ya uwanja ule mpira ukanyanyuka kutoka ardhini, na ukiwa hewani sanduku la kibandani likasema TAK!

Giza.

Tukasikia mpira ukidunda mahali. Simu zikatolewa, tochi zikawashwa, na mpira ukakutwa nyuma ya goli umetulia. Ungesema basi, ni bao. Lakini nyavu za uwanja ule zina matundu ya kupitisha mbuzi, kwa hiyo mpira ulioingia golini unatokea nyuma, na mpira uliopita pembeni unakwenda nyuma vilevile. Kipa akaulizwa. Akasema yeye hata taa zikiwaka hufumba macho mpira ukija, huo ndio mtindo wake tangu ujana.

Ugomvi uliotokea hapo sina haja ya kuueleza. Muhimu ni kwamba Hakimu alinyoosha mkono akatangaza kuwa jambo hili halitaamuliwa kwa kelele, litasikilizwa. Na kwa kuwa aliyefunga kontakta ni fundi, fundi ndiye shahidi wa kwanza.

"Mwanangu, utatusaidia? Tunakuomba."

"Haya," shemeji akasema.

Ndivyo mpira ulivyokufa na kesi ikazaliwa. Kila jioni wazee walikuja na viti kutoka makwao, wakavipanga katikati ya uwanja chini ya zile taa, jezi zao mwilini, maana kesi ilihesabika kuwa ni mwendelezo wa mchezo na si halali kuvua. Shemeji alisimamishwa mbele. Saa mbili kontakta ilisema tak, giza likaingia, wao wakawasha tochi wakaendelea. Taa zilikuwa zimetii. Watu ndio hawakutii.

Swali kubwa lilikuwa kama tak ilitangulia mpira au mpira ulitangulia tak. Upande wa mwalimu ulidai bao lilikwisha kuingia ndipo kontakta ikaachia. Upande wa kipa ulidai kontakta iliachia kwanza, na bao linalofungwa gizani haliwezi kuitwa bao, linaitwa tukio.

"Shahidi," Hakimu alimuuliza shemeji, "kontakta inachukua muda gani kuachia?"

"Kama kufumba na kufumbua, mzee."

"Kufumba kwa nani? Kwa kijana au kwa mtu wa umri wetu?"

Wazee wakanong'onezana. Swali lilionekana zito. Likapangiwa jioni yake.

Nilikuwa nikipita pale nikitoka kazini na nilikuwa nikipandwa na hasira mpaka masikio yanapata moto. Mwanamume mzima, amesimama anaeleza sumaku kwa watu waliovaa jezi! Nikifika kwa dada namkuta mezani, ufunguo shingoni, ameegemeza shavu mkononi.

"Zamani alikuwa anasubiri bao," aliniambia siku moja. "Bao angalau lingeweza kuja. Hii kesi haina goli."

"Ondoka," nikamwambia. "Usipoondoka sasa utazeekea hapo ulipokaa."

Akaifunika sahani tena. Nilipomtazama vizuri nikaona anauma mdomo ili asilie, na hapo nikajua kwamba jambo hili si mchezo tena kwetu sisi.

Kilicholeta mwisho ni ombi la kipa. Kipa alitaka kontakta ifunguliwe, mahakama nzima iione ikivuta na kuachia kwa macho yake. Sanduku lina kufuli, ufunguo uko shingoni kwa dada, kwa hiyo dada akaitwa shaurini. Waliotumwa ni wazee wawili, mmoja akiwa amekwisha kubandika karatasi ya namba moja mgongoni mwa jezi kwa sababu ile ya asili ilibanduka. Wakamkuta dada mlangoni, amevaa nguo za safari, begi kubwa miguuni. Mimi nilikuwepo, nimekuja kumsaidia kubeba.

"Mama, unaombwa uwanjani na ufunguo."

"Nilikuwa nakuja huko," dada akasema. "Siwezi kuondoka na mali ya watu shingoni."

Tukaenda. Begi lilikuwa zito kuliko nilivyotegemea. Tulishika mkanda mmoja kila mtu, tukalikokota. Taa zilikuwa zimewaka nyeupe kabisa, na wale wazee wamekaa duara, na shemeji amesimama katikati yao na kivuli kwenye kila upande. Alipomwona mkewe na begi, mikono yake ikaanguka.

Dada akavua kamba shingoni. Akamkabidhi Hakimu ufunguo. "Nimeleta mnachotaka. Sasa naomba njia, nakwenda kwa mama yangu."

Dada akaliinua begi peke yake, kwa hasira, kwa nguvu, na zipu ya begi ikashindwa. Ikafunguka yote kwa mkupuo na nguo zikamwagika kwenye udongo mbele ya mahakama.

Wazee wale wana adabu, wakageuza nyuso. Lakini Hakimu hakugeuka haraka vya kutosha. Akainama, akaiangalia ile nguo ya juu kabisa. Ilikuwa suruali. Chini yake kulikuwa na suruali nyingine, na mashati mawili ya kola yaliyopigwa pasi, na soksi za kiume zilizokunjwa pamoja, na fulana ya kazini yenye madoa ya rangi ya dari. Nguo za dada zilikuwa chini, chache.

"Mama," Hakimu akasema taratibu, "unamkimbia mume na suruali zake?"

Mimi mwenyewe nilikuwa nimebeba lile begi na sikujua.

"Naye anakwenda," dada akasema. "Hayupo nyumbani, ningemwambia saa ngapi?"

Kipa alivua kofia. Shemeji alimtazama dada, akatazama mashati yake chini, akamtazama dada tena, na machozi yakamtoka bila kujificha, yakishuka kwenye ndevu. Mimi nililia pia, na nilijichukia, kwa sababu ni mimi niliyekuwa nikimwambia aondoke, na nilikuwa sijaelewa hata neno moja la kuondoka kwake.

Hakimu akakohoa. Mazoea ni mazoea. "Basi, shahidi, kabla taa hazijazimika, tungekuomba utufungulie sanduku. Dakika moja tu."

Akamnyooshea ufunguo.

Shemeji aliutazama ule ufunguo. Akafungua mdomo, akaufunga. Akausukuma mkono wa mzee taratibu, ukarudi ulikotoka.

"Hapana," akasema.

Alilisema vibaya, kwa sauti nyembamba. Hakimu akauliza, "Umesemaje?"

"Nimesema hapana, mzee. Nakwenda kwa mama mkwe. Nguo zangu zimeshafungashwa."

Na sanduku kibandani likasema TAK!

Tuliokota nguo gizani, kwa tochi. Wazee wote walipiga magoti, magoti yale mabovu, wakapapasa udongo pamoja nasi, wakakung'uta soksi, wakakunja mashati wasivyojua kukunja. Mwalimu wa hesabu aliokota gauni la ndani la dada, akalibeba kwa vidole viwili huku amefumba macho mpaka begini. Hakuna aliyelizungumzia bao. Begi tulilifunga kwa kamba za viatu vya kipa.

Shemeji akalitia kichwani. Mkono mmoja akalishikilia, na ule mwingine, ule wa mpini, akamshika dada nao mbele ya watu wote, tukatoka langoni hivyohivyo. Mimi nilifuata nyuma, nimeshika shati moja ambalo halikuenea begini.

Kwa mama tulibisha hodi. Akafungua, kanga begani, akamtazama dada, akamtazama mkwewe na begi kichwani lililofungwa kamba za viatu, na machozi yao wote wawili.

"Haya," mama akasema. "Nani amemkimbia nani?"

Dada ndiye hujibu siku zote. Safari hii shemeji akalitua begi chini.

"Tumekimbia pamoja, mama," akasema.

Mama akafikiri kidogo, kisha akasogea pembeni ya mlango, wakaingia.